Mbwa aliyeuma afungwe, asiuawe

Ukipita katika mitaa ya Nairobi, Nakuru, Kisumu au Mombasa, utakuta maneno mawili yaliyopakwa rangi kwenye malango mengi: "Mbwa Kali". Maneno hayo humwonya mwizi na mpita njia. Lakini jaribu kubisha hodi na kumwomba mwenye lango akuonyeshe kadi ya chanjo ya huyo mbwa wake. Wengine watasema kadi imo ndani ya nyumba ila hawajui iko wapi. Wengine watasema mbwa alichanjwa alipokuwa mdogo. Na wengine watakucheka. Hapo ndipo hatari ilipo, wala si katika meno ya mbwa peke yake.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Hata hivyo, miaka niliyokaa katika chumba cha matibabu imenifunza kwamba uhai wa mtu aliyeumwa na mbwa mara nyingi hutegemea yale yanayompata mbwa huyo katika saa chache baada ya kuuma. Na yanayompata mbwa hutegemea jinsi mwenyewe anavyoielewa sheria, na jinsi anavyoiogopa.

Maoni yangu ni kwamba kanuni zetu za chanjo na karantini ya mbwa zinajulikana na watu wachache mno, hutekelezwa kwa kubahatisha, na humtisha mwenye mbwa mahali ambapo zingemsaidia kuwa mkweli. Mtu anayeogopa huficha, na ugonjwa huu hustawi mafichoni.

UGONJWA USIOSAMEHE

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akiuma, akikwaruza au akiramba kidonda kibichi, virusi huingia mwilini na kusafiri polepole kupitia neva hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi 2 hadi 3, ingawa yaweza kuwa wiki moja tu au kufikia mwaka mzima. Wakati huo wote mtu hana dalili yoyote. Jeraha hupona, watu husahau, na mtoto hurudi shuleni.

Kisha siku moja mahali palipoumwa huanza kuwasha au kufa ganzi. Mgonjwa hupata homa na wasiwasi usio na sababu. Hatimaye koo hukazana kila anapojaribu kunywa maji, hata akawa anayaogopa maji yenyewe. Hapo tumechelewa. Dalili zikishatokea, hospitali yoyote duniani haina la kufanya ila kumpunguzia mgonjwa mateso. Karibu wote hufa.

Jambo linaloumiza ni kwamba kifo hiki chaweza kuzuiwa, na imejulikana hivyo kwa muda mrefu. Mwezi Julai mwaka wa 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimpa chanjo mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mvulana huyo aliishi. Zaidi ya karne moja baadaye, Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi mno kati yao wakiwa Afrika na Asia. Wanne katika kila kumi ni watoto wasiofikisha miaka 15. Na karibu wote, yaani asilimia 99, waliambukizwa na mbwa.

Hapa Kenya ugonjwa huu si mgeni. Ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912 katika mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, na mwaka wa 1928 ukaandikwa kwa mara ya kwanza kumpata binadamu, mwanamke wa sehemu za Ziwa Victoria. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kuumaliza ifikapo 2030, na kaunti za Makueni, Machakos, Kitui, Kisumu na Siaya zikateuliwa ziwe za kwanza. Lengo hilo la 2030 ndilo pia lililowekwa na mashirika ya kimataifa kwa nchi zote zenye vifo vya aina hii. Mwaka huo hauko mbali.

"MBWA YUKO WAPI?"

Mzazi aniletapo mtoto aliyeumwa, baada ya kushughulikia jeraha mimi humwuliza: "Mama, huyo mbwa yuko wapi?" Majibu ninayopata, kwa miaka yote, ni manne.

La kwanza ni hili: "Daktari, vijana wa mtaa walimuua palepale kwa mawe." Husemwa kwa fahari, kana kwamba hatari imekwisha. Kumbe sasa hatuna njia rahisi ya kujua kama mbwa alikuwa mgonjwa au alikuwa tu amekanyagwa mkia. Ubongo wake ungeweza kupimwa katika maabara ya serikali ya mifugo kule Kabete, lakini kichwa kimepondwapondwa na mzoga umetupwa kwenye jaa la taka. Basi mtoto atamaliza sindano zote, na wazazi watalala wakihesabu miezi.

La pili ni: "Mwenyewe amempeleka mashambani kwa ndugu yake." Jirani aliogopa kulipa, au aliogopa askari wa kaunti. Akampakia mbwa kwenye gari usiku. Ikiwa mbwa huyo alikuwa mzima, mtoto ataumizwa kwa sindano ambazo pengine tungezikatiza. Ikiwa alikuwa mgonjwa, basi kijiji kizima kimepelekewa ugonjwa ambacho hakikuwa nao.

La tatu ni: "Kila mtu asema si wake." Ni mbwa aliyekuwa akila makombo langoni kwa miaka mitatu, akilinda ploti, akiitwa kwa jina na watoto wote. Siku ya kuuma akawa mbwa koko asiye na mwenyewe.

Jibu la nne husikika mara chache: "Amefungwa nyumbani kwake, Daktari, na kadi yake hii hapa." Nikilisikia jibu hilo, mabega yangu hushuka. Bado nitaanza matibabu bila kuchelewa. Lakini sasa nina shahidi aliye hai, na shahidi huyo atatuambia ukweli katika muda wa siku kumi.

SIKU KUMI

Watu wengi hudhani karantini ni adhabu anayopewa mbwa kwa kosa la kuuma. Sivyo. Ni kipimo, kama vile kupima damu.

Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi katika mate siku chache tu kabla ya yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa. Akishaonekana mgonjwa, hufa upesi. Kwa hiyo, ikiwa siku aliyouma mate yake yalikuwa na virusi, ndani ya siku 10 atakuwa mgonjwa au amekufa. Ikiwa siku ya kumi bado anakula, anakunywa na kumtikisia mwenyewe mkia, basi siku ile alipouma hakuwa na virusi katika mate yake. Daktari wa binadamu aweza kuzikatiza sindano zilizobaki. Familia imeokoa fedha, na hospitali imebaki na dawa ya kumpa mtu mwingine.

Kanuni hii hutumika duniani kote kwa mbwa na paka. Haihitaji mashine wala umeme. Yahitaji kamba au mnyororo madhubuti, chumba au banda lenye mlango, na mtu mwaminifu wa kumtazama mnyama kila siku. Ndiyo maana kumuua mbwa mzima aliyeuma ni kukichoma kipimo kabla ya kusoma majibu yake.

Hapa sina budi kutenganisha mambo mawili. Mbwa anayeonekana dhahiri kuwa mgonjwa, yaani anayetokwa na mate mengi, aliyelegea taya, anayetembea kama mlevi, anayeuma mawe na miti, au aliyebadilika tabia ghafla, huyo hafugwi nyumbani kwa siku kumi. Huyo ni wa kuitiwa daktari wa mifugo mara moja, auawe kwa njia isiyo ya mateso na isiyoharibu kichwa, na ubongo wake upimwe. Ninayemtetea hapa ni yule mbwa anayeonekana mzima, aliyeuma kwa hasira, kwa woga au kwa kulinda lango.

SHERIA YASEMAJE

Kenya ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, ambayo mizizi yake ni ya enzi za ukoloni. Kwa ufupi, sheria hiyo humtaka mwenye mnyama anayeshukiwa amtenge na wengine, na atoe habari kwa maafisa bila kukawia. Huwapa maafisa hao mamlaka ya kumzuia na hata kumwangamiza mnyama. Huruhusu pia eneo fulani litangazwe kuwa na ugonjwa, na hapo mbwa wanaozurura huwa hatarini.

Juu ya hayo, Katiba ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, ilizipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kushughulikia maslahi yao, ikitaja waziwazi utoaji wa leseni za mbwa. Maana yake ni kwamba leseni ya mbwa wako, banda la kuwazuilia mbwa na afisa atakayekuja kugonga lango lako ni mambo ya kaunti yako. Mkazi wa mjini anayehama kutoka kaunti moja hadi nyingine yampasa aulize upya kanuni za huko aendako.

Sheria hizi hazina ubaya katika lengo lake. Serikali yapaswa kuwa na nguvu mbele ya ugonjwa unaoua hivi. Kasoro ni kwamba raia huzijua kwa upande mmoja tu. Ajua kwamba mbwa wake aweza kuchukuliwa na kuuawa. Hajui ni haki gani anazo yeye. Na mtu anayejua adhabu bila kujua haki hukimbia.

HAKI ZA MWENYE MBWA

Tuziseme basi, ili mwenye mbwa ajue mahali pa kusimama.

Katiba, katika kifungu cha 47, humpa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa umma kwa haraka, kwa mujibu wa sheria, kwa kiasi kinachofaa na kwa njia ya haki. Uamuzi ukimdhuru mtu katika haki zake, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kifungu cha 40 hulinda mali, na mbwa ni mali ya mwenyewe machoni pa sheria, hata kama moyoni mwake ni zaidi ya mali. Ipo pia Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo haisahauliki kwa sababu tu mnyama anashukiwa kuwa mgonjwa.

Kwa hiyo, afisa akija kumchukua mbwa wako, huna haki ya kumzuia kwa panga wala kumficha mbwa chini ya kitanda. Lakini kwa heshima waweza kumwomba kitambulisho chake cha kazi, kumwuliza anatumia sheria gani, kumwomba maandishi yenye sababu, kumwuliza mbwa atazuiliwa wapi na kwa siku ngapi, na nani atalipa gharama. Waweza kumwonyesha kadi ya chanjo na kumwomba aizingatie. Waweza kuomba daktari wa mifugo umjuaye amwangalie mbwa pia. Na ikiwa una mahali salama pa kumfungia, waweza kuomba azuiliwe hapo nyumbani, huku afisa akija kumkagua.

Ombi hilo la mwisho ndilo ambalo kaunti zetu zingepaswa kulifanya kuwa kanuni. Mwenye mbwa aliyechanjwa, mwenye ua uliofungwa na aliyetoa habari mwenyewe, apewe karantini ya nyumbani ya siku 10 kwa fomu iliyotiwa sahihi. Asiyekuwa na kadi au ua, mbwa wake akae katika banda la kaunti kwa ada inayojulikana mapema na iliyobandikwa ukutani. Ada isiyojulikana huwa mwanya wa hongo, na hongo ikiingia, mbwa mgonjwa aweza kurudishwa mtaani.

Najua jirani wa mtoto aliyeumwa atauliza: "Mbona wazungumza juu ya haki za mbwa na mwanangu amejaa bendeji?" Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba haki hizi ndizo zitakazomlinda mwanao. Mwenye mbwa akiwa na hakika kwamba hataonewa, atakuja mbio kukuambia: "Jirani, ni mbwa wangu, amefungwa, kadi ni hii, twende hospitali." Akiwa na hakika kwamba mbwa atauawa na yeye atafilisiwa, hutamwona.

Tena haki haziji peke yake. Mwenye mbwa aliyeuma ana wajibu wa kumpeleka aliyeumwa hospitali siku hiyo hiyo na kulipia matibabu ya kwanza, kisha mambo mengine yazungumzwe baadaye. Ugomvi wa kama mtoto alimchokoza mbwa au la waweza kungoja. Sindano haiwezi kungoja.

KADI NDIYO MTETEZI

Kanuni ya chanjo ni nyepesi. Mbwa huchanjwa akiwa na umri wa miezi 3, na hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Hata vilebu wadogo kuliko hapo waweza kuchanjwa wakati wa kampeni, kwa kuwa nao huuma na nao huambukizwa. Paka pia wachanjwe. Mwenye mbwa akumbuke kwamba chanjo ya kwanza haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Mwili wa mnyama huhitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Anayekimbia kumchanja mbwa baada ya kuuma amechelewa, na asidhani atamdanganya daktari kwa kadi yenye wino mbichi.

Tofauti kati ya mbwa aliyechanjwa na asiyechanjwa huonekana zaidi pale mbwa mwenyewe anapoumwa na mnyama mwenye kichaa. Katika mwongozo wa madaktari wa mifugo wa Marekani, kwa mfano, mbwa aliyechanjwa hudungwa chanjo nyingine mara moja na kutazamwa nyumbani kwa siku 45. Asiyewahi kuchanjwa hupendekezwa auawe, au atengwe kabisa kwa miezi 4. Kitu kilichowatofautisha mbwa hao wawili ni sindano moja na karatasi moja.

Wale wanaosafiri na wanyama wao wanalijua jambo hili vizuri. Hadi mwisho wa mwaka wa 2011, mbwa aliyetoka nchi kama yetu kwenda Uingereza alizuiliwa kwa miezi 6. Leo anayempeleka mbwa katika nchi za Umoja wa Ulaya kutoka Kenya lazima awe amemtia alama ya utambulisho chini ya ngozi, amemchanja, amesubiri siku 30, amepimwa damu kuthibitisha kinga, kisha amengoja miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Tajiri wa mtaa wa kifahari hufuata masharti hayo yote bila kunung'unika kwa sababu atakwenda ng'ambo. Mbona mbwa huyo huyo akibaki hapa, kadi yake hupita tarehe na hakuna anayejali?

KUUA MBWA HAKUMALIZI UGONJWA

Kila tukisikia habari ya mtoto aliyekufa, kilio cha kwanza huwa ni kuwaua mbwa wote wanaozurura. Sumu hutegwa ndani ya nyama usiku, na asubuhi mizoga huokotwa barabarani. Mimi nalielewa hasira hiyo, ila haitusaidii.

Mbwa waliouawa nafasi yao hujazwa upesi na vilebu wapya na mbwa wahamiaji kutoka mitaa mingine, ambao hawana kinga yoyote. Pamoja na wabaya huuawa pia waliochanjwa, yaani wale waliokuwa ukuta wetu. Na wenye mbwa, wakiogopa sumu, huwahamisha mbwa wao kwenda kwingine na kuusambaza ugonjwa. Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka wa 1997, mbwa wengi sana waliuawa, na ugonjwa ukabaki. Kule Bali, ulikoingia mwaka wa 2008, mauaji ya mbwa hayakuuzuia. Ulianza kupungua chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza.

Kinyume chake, nchi za Amerika ya Kusini na Kati zilishika njia ya kuwachanja mbwa kwa wingi tangu miaka ya 1980, na mwaka wa 2019 Mexico ikatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imemaliza vifo vya binadamu vinavyoletwa na mbwa. Hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Kisiwani Pemba, jirani zetu, kampeni za chanjo zilizoanza mwaka wa 2010 ziliumaliza ugonjwa. Uliporudi mwaka wa 2016, mbwa walichanjwa tena na ukamalizwa tena. Hapa kwetu, kule Laikipia, tangu mwaka wa 2015 watu wa kujitolea wamekuwa wakienda kijiji kwa kijiji kuwachanja mbwa bila malipo.

Hesabu ni hii: mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufa wenyewe. Hatuhitaji kumpata kila mbwa. Twahitaji saba, kila mwaka, bila kuchoka.

UKIUMWA, FANYA HIVI

Kwa kuwa gazeti hili husomwa na wengi, ningefanya vibaya kuondoka bila kusema la kumwokoa msomaji leo hii.

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usipake pilipili, mafuta ya taa, udongo, wala manyoya ya mbwa yaliyochomwa. Usikubali jeraha lishonwe upesi. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa, hata kama jeraha ni dogo kama mkwaruzo wa paka. Tutaanza sindano, na mbwa akiwa mzima baada ya siku 10 twaweza kuzikatiza.

Zile habari za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Siku hizi chanjo hudungwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani, mara chache katika siku zilizopangwa: siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na kuendelea kama daktari atakavyokuelekeza. Jeraha likiwa la kutoka damu, huhitajika pia dawa ya kingamwili inayodungwa ndani na kando ya jeraha lenyewe. Mama mjamzito na anayenyonyesha aweza kutibiwa bila hofu. Na ikiwa uliumwa wiki zilizopita ukanyamaza, njoo. Maadamu dalili hazijatokea, hujachelewa.

Wafundishe pia watoto kusema. Mtoto mwingine huficha kwamba ameumwa kwa kuogopa kuchapwa kwa sababu alienda kucheza alikokatazwa. Mwambie leo, kabla hajaumwa, kwamba hatachapwa.

KAUNTI NAZO ZIFANYE YAO

Sidai mambo makubwa. Nadai kwamba kila kaunti itenge siku za chanjo katika kila wadi, iwe bure au kwa bei ambayo bawabu wa lango aweza kuimudu, kwa sababu mbwa wengi wa mijini hulishwa na bawabu wala si na tajiri. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ni mwanzo mzuri, lakini siku moja haitoshi. Kadi iwe ya aina moja nchini kote, na mbwa avae shingoni kibandiko chenye nambari na mwaka, ili hata mtoto aweze kuona. Kanuni za karantini ziandikwe kwa Kiswahili rahisi, pamoja na wajibu na haki za mwenye mbwa, na zibandikwe katika ofisi za chifu, zahanati na vituo vya polisi.

Wenye nyumba za kukodisha nao walifikirie hili. Anayekataza mbwa katika ploti yake ana haki hiyo. Lakini anayefumba macho mbwa wakifugwa kwa siri hupata mbwa wasiochanjwa. Afadhali aseme: mbwa ruhusa, kadi kwanza.

Na hospitali zetu za umma ziwe na chanjo ya binadamu wakati wote. Haifai kumwambia mzazi kwamba dawa iko katika duka la mjini, kwa bei ya mshahara wa siku kadhaa za kibarua, na kesho kutwa arudi na fedha nyingine. Wapo wanaotoka na karatasi hiyo mkononi wasirudi tena.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu yafaa tuseme kinga ndiyo tiba, kwa maana hakuna nyingine. Basi wewe uliyeandika "Mbwa Kali" kwenye lango lako, jioni hii itafute ile kadi. Ikiwa tarehe imepita, mpeleke mbwa kesho. Na akiuma mtu, mfunge, umwite daktari wa mifugo, kisha utoke nje ukamwambie jirani ukweli.